Chungu cha Mchele wa Kesho

Mwaka ule reli ya Mdachi ilipofika Morogoro, hakuna aliyeuza vitumbua kumshinda Bi Mwanaheri. Jiko lake lilikuwa kando ya njia ya stesheni. Kila jioni, kabla hajanunua hata chumvi ya nyumbani, alinunua mchele wa kesho na kuutia kwenye chungu. Chungu kikishajaa, kilichobaki mkononi ndicho alichokiita faida.

Vibarua wengi wa reli walikuwa Wanyamwezi, watani wa Waluguru, kabila lake Bi Mwanaheri. Mtani akipita hukwapua kitumbua bila kulipa, nawe huna ruhusa ya kununa. Bi Mwanaheri hakununa. Alimkwapua mtani kofia yake, akaikalia, na haikutoka mpaka mwenyewe aikomboe. Watu walicheka, biashara ikaenda.

Kisha mguu ukamvimba, akalala ndani. Jiko akamwachia mjukuu wake Ahmadi, kijana aliyeoa juzijuzi tu.

"Mume wangu," Bi Mwanaheri alimwambia, maana bibi na mjukuu ni watani vilevile, na tangu Ahmadi azaliwe hakumwita vingine, "cheka nao, lakini kofia usiziache."

Ahmadi akacheka nao, kofia akaziacha. Aliona haya kukalia kofia za wanaume wenzake, wasije wakamwita mkono wa birika. Wanyamwezi wakamsifu: mtani gani huyu, ana roho kubwa! Na yeye, Mungu amsamehe, sifa zikampanda kichwani kama pombe. Kila asubuhi jiko lilijaa watu, akaamini biashara imenoga. Akajinunulia kanzu mpya. Mauzo yasipotosha kununua mchele, alichota kwenye chungu bila kukijaza tena, akijiambia atarudisha kesho. Kesho hiyo alikuwa nayo kila siku.

Asubuhi moja mkono wake ukagusa udongo mtupu. Akabaki ameinama pale, jiko limepoa, wateja wamesimama, na huyo Bi Mwanaheri anakuja akichechemea kwa mkongojo, siku yake ya kwanza kutoka.

"Leo mtani anatunyima!" Mosi alipiga kelele. Kibarua huyu ndiye aliyekuwa mkwapuaji mkubwa kuliko wote.

Bibi aliinama, akapapasa ndani ya chungu. Akaitazama kanzu ya mjukuu wake, toka shingoni mpaka chini. Kisha akaketi kwenye kigoda, akawageukia watu.

"Nisameheni, wanangu. Ugonjwa umenipoteza akili, nimesahau kuagiza mchele. Kosa ni langu."

Ahmadi alitamani ardhi ipasuke immeze. Ile kanzu ilimwasha mwili mzima.

Mosi si mjinga. Alimwangalia kijana, akaangalia chungu, utani ukamkauka mdomoni. Akavua kofia, akaiweka mapajani mwa bibi.

"Shikamoo, bibi. Nimekula vingi hapa. Ikalie hii."

"Marahaba. Nitaikalia mpaka ipasuke!"

Wakacheka. Wengine nao wakavua, kofia juu ya kofia, mbele ya Ahmadi ambaye hakuwahi kuthubutu kuikalia hata moja. Hakuna aliyemsema. Walimpita tu, kama wanavyopita jiwe.

Jioni, vibarua walipolipwa, kofia zilikombolewa zote, na bibi akanunua mchele. Haukujaza chungu, ila ulitosha kuanzia. Ahmadi aliuona unavyomiminwa, moyo ukamrudi kidogo. Akajaribu utani wao wa siku zote.

"Mke wangu, si unaona tumepona?"

Bi Mwanaheri hakucheka. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha.

"Ahmadi," alisema kwa upole, kama anayemwita mtoto wa jirani, "niletee mchi."

Akamletea, macho chini. Heri angemchapa nao.