Joto Lililopanda Kilima

Mwaka 2023, katika msimu wa mvua ndefu, hoteli moja iliyo kilimani juu ya mtaa wa Kamwokya ilinunua turubai la kufunikia bwawa la kuogelea. Lilikuwa la plastiki nyepesi ya buluu, lenye viputo vya hewa upande mmoja. Kila wageni walipotoka majini, Lamunu, mtunzaji wa bwawa, alilitandaza juu ya maji, viputo vikielekea chini. Mwanga wa jua ulipenya, mvuke haukutoka, na baada ya siku chache maji yakawa vuguvugu. Wageni waliridhika. Meneja Wangila aliridhika zaidi, kwa kuwa hakutumia umeme.

Kisha mawingu yalitanda, lakini maji yalizidi kupata moto. Joto lilikuwa likipanda kutoka Kamwokya. Lilionekana alasiri, likitetemeka kandokando ya barabara ili kuyapisha magari. Langoni, askari Okwir alilikagua, akaona halina mzigo, akalifungulia. Liliingia chini ya turubai na halikutoka tena.

Huko chini chai ilipoa kati ya chupa na kikombe. Pasi za makaa hazikunyoosha nguo. Watu walivaa masweta, wakaendelea na biashara.

Wakati huo Hasifa alijifungua binti. Mama yake, Hajati Bibi, alibandika maji ya kumkanda mzazi. Makaa yaliwaka vizuri, maji yakabaki baridi, na Hasifa hakuweza kuinuka kwa maumivu ya mgongo. Lamunu alipokwenda kumwona mtoto, Hajati alimsogezea kigoda.

“Nyabo, bibie, joto letu linaogelea na Wazungu?”

“Linaogelea, Hajati.”

“Na wewe ndiye unayelifunika.”

“Ndiye mimi.”

“Basi mwanangu hajakandwa. Wewe nilikukanda ukapiga kelele hadi kambi nzima ikadhani wezi wameingia!”

Lamunu alicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alipomzaa mwanawe Odyek katika kambi ya polisi, mama yake mzazi alikuwa mbali, Gulu, na Hajati, jirani yake wakati huo, ndiye aliyemkanda hadi akapata nguvu. Deni la namna hiyo hulipwa kwa binti wa aliyekukanda.

Kesho yake alimwomba Wangila waliondoe turubai kwa muda.

“Sikuliita hilo joto,” Wangila alisema. “Mgeni akija mwenyewe, nimfukuze?”

Baada ya kazi Lamunu aliingia majini, chini ya turubai, akakaa humo mpaka joto likamjaa mwilini. Kisha alijifuta, akavaa, akaondoka. Langoni Okwir alipekua mkoba wake, kama ilivyokuwa desturi kwa wafanyakazi wote, akakuta kanga na sabuni.

“Leo unatoa mvuke, mama.”

“Kazi ilikuwa nyingi.”

“Pole. Pita.”

Nyumbani kwa Hajati alizamisha mikono katika beseni hadi viwikoni, na maji yakaanza kufuka. Hajati aliyajaribu kwa kidole, akaguna kwa kuridhika. Lamunu alichovya taulo, akalikamua, akamkanda Hasifa mgongo, kiuno na tumbo, mpaka rangi ikamrudia usoni.

“Nimelipa, Hajati?”

“Umeanza kulipa,” Hajati alisema, akimpakatisha mtoto. “Kesho usichelewe.”

Kesho yake Lamunu alilitandaza turubai kama kawaida. Majirani walikunywa chai baridi. Jioni aliteremka tena, akaweka mikono katika beseni, akaendelea kulipa.