Kipande cha Shati la Retta

Dwight, kaka yake Retta, alimwambia dada yake anunue bunduki ya dukani, na alimwambia hivyo mbele ya watu, kwenye chakula cha mchana cha kanisa.

"Ingia dukani Jumamosi, Jumatatu uko msituni. Darubini wameshaifunga, kitako cha plastiki, hata mvua inyeshe hakivimbi. Ile takataka ya baba iache huko chini karakanani ilale."

Hiyo takataka ilikuwa bunduki kuukuu ya kijeshi. Baba yao, Harlan Hostler, alikuwa ameivua mbao zote, akatafuta pande zuri la mbao ya mjozi la kuichongea kitako kipya, kisha akafa mwezi wa nne kabla patasi haijagusa mbao. Juu ya pande lile aliandika kwa chaki jina la Retta. Dwight alikuwa ameliona, na Retta alijua kwamba ameliona. Ndiyo maana lile neno takataka lilimuuma wiki nzima.

Na tuseme haki, kwa akili ya kawaida Dwight hakukosea. Retta, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapikia watoto wa shule, alikwenda dukani akaishika hiyo mpya, akaiweka begani, akakosa la kuilaumu, lakini akairudisha na kuanza kuimalizia ile ya baba. Aliyeanzisha uvumi kwamba bunduki ya kujitengenezea ni nafuu anastahili kufungwa jela. Chuma cha jeshi kilivunja ncha za keekee moja baada ya nyingine. Komeo, kile kishikio cha kuingizia risasi, liligonga darubini, likabidi likatwe na kupindwa upya. Kitako alikichonga kikapasuka shingoni, akakigundisha, akaanza tena na msasa. Vuli ilipofika, ile ya bei rahisi ilikuwa imekwisha kula pesa nyingi kuliko ile ya dukani, na Retta alikuwa amekasirikia chuma, na marehemu, na nafsi yake. Hata hivyo kila akitoka kazini alishuka karakanani chini ya nyumba kuipaka mafuta ya kitani.

Alishuka kwa sababu ugomvi haukuwa wa bunduki. Ulikuwa wa kitanda. Katika kambi ya uwindaji ya kina Hostler huko milimani, baba alikuwa na kitanda chake karibu na jiko, na tangu enzi za babu hakuna mwanamke aliyelala mle. Waliruhusiwa kuleta chakula na kwenda zao. Dwight alitaka kitanda kile apewe binamu yao Lester, aliyechoka kulala sakafuni. Retta alisema ni chake. Baba mdogo Elwood, mwenye ufunguo, alimwambia aje msimu huu wa kuwinda, wataona. Wataona nini? Kama ana mikono miwili?

Siku ya kwanza ya msimu, shule ikiwa imefungwa kwa ajili ya uwindaji, kama ilivyo desturi ya huko, alikaa chini ya msonobari na theluji magotini. Kulungu dume akajitokeza, pembe pana, akasimama ubavu. Retta akalenga vizuri. Lakini kabla risasi haijatoka vizuri aliinua shavu kutoka kwenye kitako ili amwone akianguka. Risasi ikapita juu ya mgongo, na kulungu akaondoka bila haraka. Retta alijitukana maneno ambayo mpishi wa shule hapaswi kuyajua.

Sasa, kambini kwao anayekosa kulungu hukatwa pindo la shati. Kipande huandikwa jina na mwaka, kikapigiliwa ukutani, na watu wakacheka mpaka mwaka unaofuata. Dwight alikuwa na viwili pale. Baba alikuwa na vinne. Lester aliwahi kukatwa akiwa amelala sakafuni na homa. Kila aliyekuwa na haki ya kulala mle alikuwa na kitambaa ukutani, na asiye nacho alikuwa mgeni.

Kwa hiyo mchana aliporudi aliwaambia wazi kwamba amekosa dume zuri. Akachomoa shati kwenye suruali, shati la baba la drafti nyekundu, akasimama akingoja. Elwood akaendelea kumimina supu.

"Kaa ule, Retta," Dwight akasema. "Hakuna wa kukukata. Kosa si lako, ni la ile takataka." Akavuta sanduku jipya kutoka chini ya kitanda. Alikuwa amemnunulia ile ya dukani. "Kesho utatumia hii."

"Halafu wanawake hatuwakati shati, dada," Lester akaongeza kwa upole. "Tuna adabu zetu."

Upole ule ulimuumiza kuliko tusi. Wangemcheka angecheka nao. Hawa walikuwa wanamsamehe, kama mgeni aliyevunja kikombe.

Retta alichukua sahani ya karatasi mezani, yenye madoa ya mayai yaliyolowekwa kwenye siki na kiazi chekundu, akachukua na bunduki yake, akatoka. Nyuma ya kambi palikuwa na ukingo wa udongo ambapo baba alijaribia bunduki zake zote. Akaichomeka sahani pale.

Dwight alimfuata mlangoni. "Utatufukuzia kulungu."

"Kulungu gani? Wewe uko mezani unawinda mayai."

Akarudi mbali, akakaa kwenye theluji, viwiko magotini. Safari hii shavu halikuondoka kwenye mjozi hata baada ya risasi kulia. Elwood mwenyewe alikwenda kuifuata sahani, akarudi nayo kidole kikiwa kimepita katikati yake.

"Bunduki ni nzima," Retta akasema kwa hasira. "Ingekuwa mbovu ningekubali huruma yenu. Nimekosa mimi, kwa ujinga wangu, kama mlivyokosa nyinyi wote. Haya, nikateni."

"Hilo ni shati la baba," Dwight akasema.

"Na baba alikatwa ndani yake."

Elwood akaingia ndani, akatungua mkasi msumarini, akarudi nao. "Geuka."

"Nyuma mlishakata nyinyi. Kata mbele."

Elwood akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akakata kipande kikubwa kuliko kilichohitajika. Retta akakiandika jina lake mwenyewe, akaingia nacho, akakipigilia ukutani kando ya kile cha baba chenye drafti ileile, iliyokwisha kufifia kwa moshi. Kisha akamwambia Dwight arudishe sanduku lake dukani, akatupa blanketi lake kwenye kitanda cha karibu na jiko, na kumwambia Lester aondoe mabuti yake hapo chini.