Kinachokubali Nyundo

...na sinia linazidi kuwa zito, Ngoné hajaliinamisha, shangazi wa mchumba wake Daouda kanyoosha mkono kwenye bilauri ya chai ya pili huku akirudia, "Jambo dogo tu, mwanangu, siku ya ndoa mzee wako atajwe mfanyabiashara wa vito, basi, neno sonara lisitamkwe, ukoo wetu wa kiungwana haujapata kuoa kwa tabaka la wahunzi, unanielewa?" anaelewa, tangu lini hakuelewa, na baba yupo pale mkekani, vidole vyake vilivyoungua kwa usonara kavificha ndani ya kanzu kama mwizi... "Binti yangu laini, hana ubishi," anasema baba, anatabasamu, ni baba kweli huyu, kwa Kiwolofu kasema nooy, neno lile lile analoiambia dhahabu ikimtii, laini, na Ngoné aliyewagaragaza wavulana wanne kwenye mdahalo wa chuo leo kashikilia sinia, Rakiya wa bwenini, Mhausa wa Niger, husema laushi, unga uliotwangwa mpaka ukaacha kubisha, Wafaransa ndio hawakuona haya, nyundo yenyewe wameitia ndani ya neno, malléable, kinachopigwa kikakubali, lugha zote zinakisifu kinachofulika, hakuna hata moja inayouliza nani kashika nyundo... "Daouda mwenyewe karidhia," anaongeza shangazi, karidhia, Daouda aliyesema wakizaa watawapeleka watoto kwa babu wakavukute moto, karidhia lini, ndiyo maana jana kwenye simu alikuwa anakohoakohoa tu, kumbe, na dhahabu nayo, ukiifua mfululizo bila kuirudisha motoni inakakamaa, inapasuka ukingoni, alikuwa na miaka tisa baba alipomwonyesha ule ufa mwembamba kama unywele, akamwambia kosa la mfuaji hilo, mama, dhahabu usiilaumu, sasa wewe baba nani amekufua hivi, miaka mingapi, bila moto... "Tunakungoja, binti, au umeolewa na hilo sinia?" wanacheka, baba naye anacheka, kachelewa kidogo, na kule kuchelewa kunamchoma Ngoné kuliko tusi, mkono wa shangazi bado uko hewani, chai inapoa, ila yeye hatafuti tena jibu, jibu analo, anachotafuta ni namna ya kulisema akimtazama baba, maana shangazi atapanda gari aende zake Saint-Louis, baba ndiye atakayebaki humu ndani na binti aliyemwacha Daouda kwa ajili yake, wala baba hakumwomba amwache...