Siku Tatu Katika Chumba cha Pamba

"Kabula, nipe funda moja tu. Moja, dada yangu, halafu ufunge tena."

Mdogo wangu Luhaga alisema hivyo kwenye ufa wa mlango, mchana wa siku ya pili. Ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la khanga. Nikaendelea kupepeta mtama.

Kilikuwa chumba cha kuhifadhia pamba. Tulikuwa tumeshaiuza yote, zikabaki nyuzi zilizonata kwenye kuta za udongo. Mimi na Mayu, mama yetu, tulimwingiza humo Jumatatu asubuhi, kwa sababu gongo ilikuwa imemmaliza. Macho yalikuwa ya njano, mikono haikushika tena jembe. Yeye mwenyewe alikubali.

"Nifungieni," alisema akicheka. "Hata fahali mkorofi hufungwa, akatulia."

Kisha akaanza kutetemeka. Tulisikia kopo la maji likigongana na meno yake. Mayu akatabasamu, mara ya kwanza tangu mavuno.

"Inatoka hiyo," aliniambia. "Usilegee, mwanangu."

Niliamini. Kwetu hata homa tunaijua hivyo: mtu hufunikwa blanketi, atetemeke, atoke jasho, apone.

Siku ya tatu hakuomba kitu. Alikuwa akiita ng'ombe wa marehemu baba, mmoja mmoja kwa jina, ng'ombe waliokufa kwa ukame sisi tungali wadogo. Halafu akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba nyuzi za pamba zinatembea ukutani. Kikafuata kishindo. Fundo la khanga lilikataa kufunguka. Nililing'ata kwa meno.

Tulimpakia kwenye pikipiki, tumembana katikati. Zahanati tulifika na maiti.

Nesi Honorata, mgeni aliyehamishiwa kwetu kikazi, alitusikiliza mpaka mwisho.

"Aliacha ghafla?"

"Tulimwachisha."

Akavua glavu polepole. "Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, mwili wake haukatishwi pombe hivyo. Huachishwa taratibu, kwa dawa, akiangaliwa." Akazitupa glavu kwenye ndoo. "Hamkujua, dada."

Mlango wa kile chumba niliung'oa mwenyewe. Bado nikipepeta mtama husimamisha ungo katikati, nikasikiliza.

Kwetu, kabla ya kupanda pamba, wafu humwagiwa pombe ya mtama ili wasiusahau mji. Novemba ile baba mdogo Ndalahwa alinikabidhi kibuyu mbele ya ukoo wote.

"Anza wewe. Alikuwa mdogo wako."

Nikamimina juu ya kaburi la Luhaga. Mvua ilikuwa haijanyesha. Udongo uliinywa pombe papo hapo, hata povu halikubaki. Nikamimina tena.

"Inatosha, Kabula," baba mdogo alisema. "Babu yako naye anasubiri."

Sikuacha mpaka kibuyu kikawa chepesi mkononi.