Baba na Neno la Wakili

Baba yangu ni fundi cherehani, na kwa ubishi hana mpinzani. Ukimwambia jua limechomoza, atatoka nje kuhakikisha, kisha atarudi kukusahihisha. Mtu huyo ndiye aliyepewa neno la Kiingereza lenye maana ya mtu wa mawazo mapana: latitudineriani.

Alipewa na wakili mmoja, mteja wake wa siku nyingi. Wakili alitaka koti la zambarau, Baba akalishona bila kununa. "Fundi, wewe ni latitudineriani," wakili akamwambia, akaeleza kuwa huyo ni mtu anayemwachia mwenzake afikiri atakavyo, hata katika jambo ambalo yeye analijua zaidi. Akaongeza kuwa ni neno rasmi, la vitabuni na kwenye hotuba, si la kurushwa ovyo.

Baba akalirusha ovyo. Alijiita hivyo mbele ya muuza mkaa, mbele ya shangazi, hata mbele ya mteja aliyekuja juu kwa sababu suruali yake imechelewa. Na ole wako useme halimfai. Angebishana nawe mpaka ukiri kwamba yeye si mbishi.

Siri ilikuwa kwenye pini. Baba akimjaribisha mtu nguo, hubana pini midomoni, na mwenye pini midomoni hawezi kubisha. Kwa hiyo nyumbani kwetu mambo mazito yote husemwa wakati huo. Mama alimweleza hivyo habari za friji, friji yenyewe ikiwa imeshafika. Kaka aliacha uhasibu akawa kinyozi kwa njia hiyo hiyo. Baba aliguna tu, na kwa hesabu zake kuguna kule ndiko kulikokuwa mawazo mapana.

Zamu yangu ilipofika, roho ilikuwa mkononi. Mwanamume niliyempenda anauza mitumba, na kwa Baba mitumba ndiyo iliyomnyang'anya wateja. Dukani kwetu hata kuitaja ni matusi. Wakili alikuwa amesimama mbele ya kioo, amenyoosha mikono, koti lake jipya lina mkono mmoja, na Baba kajaza pini. Nikapiga moyo konde.

"Baba, nimepata mchumba. Anauza mitumba."

Hakuguna. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka begani kwa wakili, ambaye hakuthubutu kupumua.

"Haolewi mtu hapa," akasema.

Mama alikuwa pembeni akishona vifungo. "Mzee, na lile neno lako je?"

"Lile ni la mambo ya rangi za makoti."

"Ahaa. Eti wakili, ni la makoti peke yake?"

Wakili aliutazama mkasi wa Baba uliokuwa karibu na tumbo lake. "Kwa kweli, mama," akasema kwa sauti ndogo, "hutumika hasa kwenye mambo yanayouma."

Lile lilikuwa neno pekee la heshima ambalo Baba amewahi kupewa na msomi, na sasa lilikuwa linamponyoka mbele ya mkewe. Nilimhurumia, japo nilikuwa nimemkasirikia.

"Mwambie aje," akasema mwishowe. "Nitamsikiliza. Lakini kusikiliza si kukubali."

Mchumba wangu alikuja Jumapili, shati limenyooka kwa pasi. Baba alimketisha kwenye benchi la wateja, akakaa mkabala naye, kisha akachota pini akajijaza midomoni. Hapakuwa na nguo ya kujaribisha wala mteja. Alikuwa anajifunga mdomo mwenyewe. Akamwashiria kwa kidole aanze.

Mchumba wangu alisema kuna watu wasioweza kuilipia suruali ya Baba, na wengine wasioweza kuingoja. Alisema hata mtumba umeshonwa na fundi, ila wa mbali. Baba alifura, pini zikamsimama. Mchumba wangu akasema ananipenda, hapo akababaika, akarudia tena habari za suruali. Pini hazikutoka.

Alipokwisha, Baba alizitoa taratibu na kujipangusa midomo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Sikubaliani na wewe hata neno moja."

Machozi yalinilengalenga. Nikaanza kunyanyuka.

"Hata moja," Baba akarudia. "Haya, waambie wazazi wako waje tupange harusi."