Udongo wa Patsy

Ramlati, afisa wa upandaji miti, alipopelekwa Patsy mwaka 1984, sifa yake ilikuwa imemtangulia: miti yake ya Ntsoudjini ilikuwa imeshika. Huko, kaskazini ya Moroni, ardhi ni mawe meusi ya volkano. Yeye na wanawake wa mji walichimbua mashimo katikati ya mawe, wakayajaza udongo walioubeba kwa vikapu, wakapanda. Wakubwa wake wa kazi wakaona basi, kilichofaa kisiwa cha Ngazidja kitafaa na cha Nzwani.

Patsy iko mlimani, juu ya Mutsamudu, na mteremko wake ulikuwa mtupu. Miti yote ilikuwa imeishia kwenye matanuru ya kukenekea mafuta ya maua ya langilangi, yale ya manukato. Ramlati akachimba mashimo yale yale, akapanda miche mia nne. Mvua ya Januari ikaja, mashimo yakafurika, kingo zikamomonyoka, na miche ikaporomoka pamoja na tope hadi kwenye muhogo wa mjane mmoja, Zaitoun, ambaye kijiji kizima kilimwita Koko, yaani bibi.

Ramlati alikwenda kumwomba radhi, akitegemea kufukuzwa. Koko Zaitoun alimkaribisha ndani, akamwuliza kama kwao Ngazidja mvua huchukua mawe. Ramlati akasema haiyachukui.

"Huku inachukua udongo, mwanangu," akasema bibi. "Ufunge kwanza, miti baadaye."

Ramlati aliyajua majani ya kufungia udongo, yale ya vetiva yenye mizizi mirefu. Yalikuwa yameota tele nyuma ya ofisi yao Moroni. Lakini mteremko huo ulikuwa malisho ya Halidi, mwenye ng'ombe sita. Ilibidi Ramlati aende kwake mara tatu. Mwishowe Halidi alikubali kuwafunga ng'ombe wake uani msimu mmoja, si zaidi, na alikubali kwa uso uliokunjamana.

Mwezi Machi Ramlati alirudi kutoka Moroni kwa meli na magunia kumi na mawili ya mizizi. Siku hizo kulikuwa na habari za maasi ya askari huko Moroni, na mamluki wa Kizungu waliomlinda rais walimshuku kila mtu. Mmoja wao, aliyekuwa akiamrisha askari kwenye bandari ya Mutsamudu, akaamuru magunia yazuiliwe. Alidhani kuna kitu kimefichwa ndani ya udongo.

Magunia yakakaa juani siku mbili. Ramlati alisimama langoni akiomba angalau ruhusa ya kuyamwagia maji, akakataliwa. Hakuwa na la kufanya ila kuyatazama yakikauka.

Siku ya tatu Koko Zaitoun aliteremka kwa miguu na wanawake wanane, kila mmoja na ndoo yake ya maji. Hakubishana. Aliwaambia askari wa kisiwani, kwa lugha ya kwao, kwamba wapasue magunia yote wakitaka, mradi mizizi ipate maji. Yule Mzungu akatafsiriwa maneno hayo, akaamuru yamwagwe chini. Hapakuwa na kitu ila mizizi. Akaigeuzageuza kwa kiatu, akaondoka.

Wanawake wakaimwagia mizizi maji pale pale, wakaifunga ndani ya shiromani zao, nguo walizojitanda, wakapanda nayo mlimani. Waliipanda kwa mistari ya kukata mteremko, na nusu yake ikafa. Iliyobaki ikashika. Palipokuwa na mapengo, Halidi mwenyewe akaziba kwa vishina alivyovigawa kutoka mistari iliyostawi. Hakuna aliyemwomba.

Januari iliyofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Ramlati alikuwa Moroni. Aliposikia redioni kwamba barabara imekatika juu ya Mutsamudu, alipanda meli ya kwanza, na kutoka bandarini akapanda mlima kwa miguu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Koko.

Alimkuta Halidi njiani.

"Umekaa," Halidi akamwambia hata kabla ya salamu. "Udongo umekaa."

Ramlati hakuamini mpaka alipoona mwenyewe. Nyuma ya kila mstari wa majani tope lilikuwa limejikusanya kama ngazi, na chini yake Koko Zaitoun alikuwa akipalilia muhogo wake, nao ulikuwa mzima, kila shina mahali pake. Akaketi palepale kwenye tope, akalia, kisha akacheka.

Koko alimwinua, akampeleka nyumbani, akateleka ndizi. Zilipoiva, Ramlati alikuwa amelala fofofo juu ya mkeka, viatu miguuni.