Kofia ya Kamera

Mzee Sedekia aliiweka kamera ya lori lake juu ya meza ya fundi Anjela, pale Mlandege, akabaki amesimama. Nyuma yake alisimama dereva wake, Lutengano, mikono mfukoni.

"Ikitoka Mbeya inarekodi vizuri," alisema mzee. "Ikikaribia Ruaha Mbuyuni, kimya. Kila safari. Na huko ndiko vitunguu vinakouzwa. Huyu anaizima apakie mizigo yake. Ukisema kamera ni nzima, fundi, funguo za lori zinabaki kwangu."

"Bosi, sijawahi kuizima."

"Kaeni kwanza," alisema Anjela.

Alianza na waya. Akaupinda huku na huku, taa ya kamera haikucheza. Akabadilisha kadi ya kumbukumbu. Kamera ikarekodi. Wakanywa chai, ikaendelea kurekodi.

"Si unaona? Nzima."

"Nzima hapa, mzee. Hapa ni baridi, tumevaa makoti."

Akaichomeka ile kadi ya zamani kwenye kompyuta, akatazama mwisho wa kila safari. Moja ilikatika katikati ya kona za Kitonga, nyingine chini ya mlima, lori likiwa kwenye mwendo.

"Anayeficha mzigo angezima akishasimama," alisema taratibu. "Huko chini kuna joto, na hii inazidiwa nalo."

"Mbona magari mengine yanapita kule na kamera zao?"

"Hilo ndilo linanisumbua. Kaka, huwa unaifunika?"

Lutengano alitazama sakafu. Kisha akatoa mfukoni kofia ndogo ya sufu nyekundu, yenye tundu la lenzi.

"Mke wangu, Ikupa, aliifuma. Kwetu Uyole asubuhi lenzi inashika ukungu kwa baridi. Akasema, nayo ivae."

Mzee Sedekia aliigeuzageuza ile kofia. "Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, bosi? Madereva wenzangu wanaiita mtoto, wananiuliza kama imeshabatizwa."

"Kwa hiyo bora uitwe mwizi kuliko uchekwe?"

Lutengano aliichukua kofia mkononi mwa bosi, akampa Anjela.

Anjela aliivalisha kamera kofia, akaiweka kando ya jiko la mkaa, si karibu sana. Wakangoja. Taa ikazimika. Akaiacha ipoe, akairudisha palepale bila kofia. Taa ikawaka, ikabaki inawaka. Ndipo akaifungua. Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Akaweka nyingine.

"Sasa nina hakika," alisema.

Mzee alitoa funguo, akampa Lutengano. "Hiyo kofia tuiache hapa."

"Ikupa ataiulizia, bosi."

Lutengano akaifunga kamera mahali pake kwenye lori, kofia akaivalisha mkono wa gia. Mzee akapanda upande wa pili. "Leo nakwenda na wewe. Si kwamba sikuamini. Nataka kuiona tu."

Walipomaliza kona za Kitonga, joto likawapokea. Mzee akavua koti, akalikunja magotini. Juu yao taa ya kamera ilikuwa bado inawaka.

"Ikupa anafuma na soksi?" aliuliza.

"Anafuma, bosi."

"Mwambie miguu yangu ni mikubwa."